Deni la Shilingi Tano

Walipokwisha kufukia, kaka yangu Shaame alisimama
akauliza, kama ilivyo desturi:
nani anamdai marehemu, ajitokeze sasa, au aje nyumbani.
Hakujitokeza mtu.
Mimi nilikuwa ndani, Utaani, na wanawake wenzangu,
nafunika sufuria ya wali,
sijui kwamba mdai ni mimi.

Baba alikuwa na koti moja la kuazimisha.
Wete nzima imelivaa.
Mnene alibanwa nalo, mwembamba alibaniwa kwa nyuma
na vibanio vya kamba ya nguo,
na mbele, pichani, kila mtu alitoka bwana harusi.
Msimu wa karafuu walikuja watu wa Bopwe na Kinyasini,
vidole bado vyanukia makonyo,
wakakaa mbele ya pazia la ziwa na bata weupe,
ziwa ambalo hakuna aliyeliona, hata aliyelichora.
"Usicheke," aliwaambia,
"ila kumbuka kitu cha kuchekesha."
Ndipo akabonyeza.

Chumba cha giza kilikuwa ghala ya mama.
Beseni mbili za dawa, moja ya maji,
taa imevishwa kipande cha kanga nyekundu
ambayo jina lake lilikatwa likabaki: *usinisem*
Humo nilijifunza kuhesabu hadi thelathini.
Kwenye kumi na nane hivi watu huanza kuja,
kwanza nyusi, halafu mboni,
mashavu yakichelewa.
"Waache wafike," baba husema.
Mama agonga mlango, ataka unga.
"Ngoja, Time, mtu hajamaliza kuzaliwa!"
"Na wanao wamemaliza kufa njaa!"
Wakacheka, kila mmoja upande wake wa mlango.

Mama alipougua homa, baba ndiye aliyetusuka.
Mistari yote ilikwenda kombo.
Tukashukuru Mungu kwa mtandio, tukaenda skuli.

Siku ya Idi alitupanga barazani, watoto sita na mama.
"Songea kwa watoto, Time, umeacha pengo."
"Hapo pako," alijibu mama, kila mwaka,
wala hakusogea.
Ndiyo maana katika Idi zetu zote
kuna nafasi, upana wa mtu mmoja,
na ukuta nyuma yake
ukibanduka chokaa mwaka hadi mwaka.

Baada ya arobaini nilifungua sanduku la bati.
Bahasha za watu ambao hawakurudi:
mmoja aliishiwa, mmoja alisafiri,
mmoja, nadhani, hakujipenda.
Hakutupa hata moja.
Nyingine nilizipeleka kwa miguu. Bi Mgeni wa Limbani
alipokea uso wake wa miaka kumi na tisa
akaushika mbali, kama barua ya serikali.
"Kumbe nilikuwa hivi," akasema, "na sikuambiwa."

Chini kabisa, kitabu cha madeni.
Waliolipa amewakata kwa wino.
Wasiolipa amewakata pia, kwa penseli.
Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja usiokatwa:
*Picha moja. Mpigaji: Raya, miaka saba.
Nadaiwa shilingi tano.*
Na picha yenyewe pembeni, imekwenda upande,
kichwa hakimo. Shingo, kifua, mikono miwili
imenyooshwa kunielekea,
ama kuidaka kamera,
ama kunidaka mimi.

Shilingi tano nimesamehe, baba,
mbele ya mama na ndugu zangu. Usilale na deni.
Ila mstari sijaukata.

Mama aliitwaa ile picha akaisogeza dirishani.
Nikamwambia haina uso, mtu hawezi kujua ni nani.
"Kifungo cha tatu," akasema, "nilikishona mimi.
Uzi mweupe ulikwisha, nikatia mweusi.
Alivaa hivyo hivyo mwaka mzima,
asiseme kitu."